Makala za mimea zieleze pia asili yake na namna ya kuitayarisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nitoe maoni kuhusu makala za faida za mimea ya kawaida, ambazo magazeti yetu huzichapisha mara kwa mara na ambazo, nadhani, husomwa kwa makini kuliko habari nyingi za siasa. Karibu zote hufuata mtindo mmoja: jina la mmea, orodha ya virutubisho, orodha ya maradhi unayosemekana kuyatibu, basi. Mahali mmea ulikotoka, na jinsi watu wa kwanza kuupanda walivyojifunza kuutumia, huachwa kana kwamba ni mambo ya wanahistoria peke yao. Nadhani hilo ni kosa, kwa sababu mmea unapohama bara moja kwenda jingine, aghalabu mbegu hufika na maarifa yakabaki nyuma, na madhara yake yamekwisha kuonekana mara nyingi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mahindi. Zao hili lilitokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte, katika bonde la mto Balsas kusini-magharibi mwa Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita. Wenyeji wa huko walizoea kuchemsha punje pamoja na chokaa au majivu, kuziacha zilale katika maji hayo, kisha kuziosha ndipo wazisage. Mgeni aliyewatazama angeweza kudhani wanalainisha maganda tu. Kumbe chokaa huiachilia niasini, yaani vitamini B3, ambayo ndani ya punje imefungamana na viambata vingine kiasi kwamba mwili wa binadamu hauwezi kuifyonza vya kutosha. Wahispania walipoyavusha mahindi Atlantiki hawakuvusha utaratibu huo. Katika karne ya 18 daktari Gaspar Casal alieleza ugonjwa mpya miongoni mwa maskini wa Asturias, nchini Hispania, ambao chakula chao kikuu kilikuwa mahindi: ngozi ilibabuka, na wagonjwa waliendelea kudhoofika. Italia ndiko ulikopewa jina la pelagra, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani. Madaktari wengi waliamini kuwa unaambukiza, hadi Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alipoonyesha kuwa chanzo chake ni mlo. Niasini ilitambuliwa kuwa kinga yake mwaka 1937. Niongeze hapa, ili nisimtishe mtu bure, kwamba anayekula mahindi pamoja na nyama, samaki, karanga au maziwa hana sababu ya kuogopa pelagra. Waliougua ni wale ambao umaskini uliwaachia mahindi na si kingine. Hata hivyo, ni jambo la kusikitisha kwamba watu waliteseka vizazi kwa vizazi kwa kukosa utaratibu wa jikoni ambao wakulima wa Meksiko waliufuata bila kuhitaji maabara.

Mhogo nao una kisa kinachofanana na hicho. Ulianza kulimwa Amerika ya Kusini, pembezoni mwa msitu wa Amazon, na watu wa huko walibuni njia za kukuna, kukamua, kuloweka na kukausha aina chungu ili kuondoa viambata vinavyozalisha sumu ya sianidi. Maarifa ya namna hiyo yapo pia katika sehemu nyingi ulikohamia, lakini njaa, vita au haraka ya kuuza huwafanya watu wapunguze siku za kuloweka, na hapo ndipo hutokea konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na ambao haumwachi aliyepatwa nao. Makala inayousifu mhogo kwa wanga wake bila kutaja kuloweka na kukausha imeacha nusu ya habari, tena nusu iliyo muhimu zaidi.

Asili ya mmea ina manufaa mengine ambayo mkulima huyahisi shambani kabla ya mlaji. Mapema katika miaka ya 1970 vidung'ata wa mihogo, wale wadudu weupe wanaoonekana kama wamenyunyiziwa unga, waliingia Afrika na kuenea kwa kasi ya kutisha, kwa kuwa maadui wao wa asili hawakuja nao. Watafiti walifikiri kwa njia iliyonyooka: ikiwa mhogo umetoka Amerika ya Kusini, basi huko ndiko anakopatikana pia anayemla mdudu huyo. Mwaka 1981 waliwapata vidung'ata hao nchini Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana aitwaye Anagyrus lopezi, anayetaga mayai ndani yao. Nyigu huyo aliachiliwa kwanza Nigeria, kisha katika nchi nyingine nyingi, na wadudu wakapungua bila mkulima kununua dawa. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Laiti pasingekuwa na mtu aliyejali mhogo ulitoka wapi, utafutaji ule usingekuwa na pa kuanzia.

Vanila iliwasumbua watu kwa namna yake. Ni mmea wa misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, na ulipopelekwa kwingine ulitoa maua miaka mingi bila kuzaa, maana wadudu wanaolichavusha ua lake hawakusafiri nao. Ua lenyewe hufunguka asubuhi moja tu. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alivumbua njia ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba, na mpaka leo vanila ya mashambani huchavushwa kwa mkono vivyo hivyo. Michikichi, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi, ilihitaji vibarua wa kuichavusha huko Malaysia, hadi fukusi wake wa asili alipoletwa kutoka Kamerun mwaka 1981. Kuhusu viazi vya mviringo sitasema mengi: milima ya Andes ina maelfu ya aina, Ireland ilitegemea chache zilizofanana mno, ugonjwa mmoja ukaziharibu zote kwa pamoja, na njaa iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja.

Ninalolilalamikia zaidi ni uandishi kuhusu mimea ya dawa. Msomaji huambiwa anywe maji ya mshubiri, lakini haambiwi kwamba jani hilo lina vitu viwili tofauti kabisa: ute mweupe wa ndani unaopakwa kwenye ngozi, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ambao ni dawa kali ya kuharisha. Tena jamii ya mishubiri ina aina zaidi ya 500, na zipo zenye sumu. Mbarika hutoa mafuta yenye matumizi mengi, lakini mbegu yake ina risini, sumu inayoweza kuua. Sumu hiyo haichanganyiki na mafuta, bali hubaki katika mashudu. Mambo haya yameandikwa na kusomwa kwa muda mrefu, na sioni udhuru wa kuyaacha.

Najua wapo watakaoniambia kwamba kutaja asili ya mmea ni kuwanyang'anya watu chakula chao, kwamba tukiandika kuwa mahindi yametoka Meksiko tutakuwa tumesema si yetu. Sioni hivyo. Zao lililolimwa kwa vizazi vingi limekwisha kuwa la wanaolilima, na wao pia wamelibadilisha kwa kuchagua mbegu mwaka hadi mwaka. Ninachoogopa ni asili kuandikwa kivivu, kwa nchi moja katika sentensi moja. Pamba ilianza kulimwa mara nne, kwa aina nne tofauti, mbili katika Afrika na Asia na mbili katika Amerika. Minazi ina chimbuko mbili, moja upande wa Pasifiki na nyingine upande wa Bahari ya Hindi. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa Kirusi aliyezunguka dunia kukusanya mbegu na kuonyesha kuwa mazao yana vitovu vichache vya asili, alirekebisha ramani yake mara kadhaa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kila makala ya mmea itaje jina lake la kisayansi, ulikoanza kutumiwa, sehemu inayotumika, namna ya kuitayarisha na nani asiitumie. Kama nafasi ni finyu, ipunguzwe ile orodha ya virutubisho, ambayo kwa vyovyote hubadilika kulingana na aina, udongo na jinsi chakula kilivyopikwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi