Tusiwasahau wapigakura wa Julian Bond

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimzungumzie Julian Bond, mbunge wa jimbo la Georgia nchini Marekani, ambaye kila anapokumbukwa husifiwa kwa kulishinda bunge la jimbo lake mahakamani, ilhali wananchi waliompigia kura hawatajwi.

Bond alichaguliwa Juni 1965 kuwakilisha sehemu ya jiji la Atlanta. Tarehe 6 Januari 1966, kabla hajaapishwa, SNCC, jumuiya ya vijana wapigania haki ambayo alikuwa akisimamia habari zake, ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono waliokataa kuandikishwa jeshini. Tamko hilo hakuliandika yeye. Lakini mwandishi wa redio alipompigia simu kumuuliza kama analikubali, alijibu kwamba analikubali. Siku nne baadaye Baraza la Wawakilishi la Georgia lilimnyima kiti kwa kura 184 dhidi ya 12, ingawa alikuwa tayari kula kiapo, kwa hoja kwamba mwenye msimamo huo hawezi kuapa kwa dhati kuilinda katiba.

Hapo ndipo wapigakura wake waliponigusa. Uchaguzi wa kuziba nafasi hiyo ulipoitishwa Februari, walimchagua Bond yuleyule. Kamati ya Baraza ilimtaka aikane kauli yake, akakataa, akazuiwa tena. Na Novemba wakamchagua kwa mara ya tatu, wakijua fika kwamba huenda akafungiwa mlango kama awali. Mmoja wa wakazi wa eneo hilo, Martin Luther King, aliungana naye katika kesi.

Tarehe 5 Desemba 1966 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani walimpa Bond ushindi. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge wana wajibu wa kutoa misimamo yao juu ya masuala yenye utata, ili wanaowawakilisha wapate kuwapima, na sijaona hoja iliyo nzito kuliko hiyo katika hukumu nzima. Bond aliingia bungeni Januari 1967, akatumikia jimbo hilo, kwanza katika Baraza na baadaye katika Seneti, hadi 1987. Hata hivyo, mwaka mzima wa 1966 sheria za Georgia zilipitishwa bila sauti ya watu wa eneo lake, na hasara hiyo hakuna hukumu iliyoweza kuwafidia.

Msomaji wako