Saa moja, foleni mbili

Mhariri, naomba kanafasi. Mwanangu kaniletea saa janja yenye esimu, ile laini iliyojengwa humo humo ndani, hakuna kadi ya kuchomeka. Nikajua naskani tu ule msimbo wa QR wa kuweka laini mambo yameisha, kumbe mpaka dukani, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kidole, halafu mhudumu ananakili namba ya EID ya saa, yaani namba ya utambulisho ya hiyo esimu, tarakimu 32, kakosea moja tukaanza upya! Usajili wa kidole naelewa ni sheria, ila mimi nilishasajiliwa kwenye simu. Na msimbo wenyewe wa QR kwa kawaida unatumika mara moja, ukifuta profaili, yaani ile laini iliyopakuliwa, bahati mbaya unarudi foleni. Kwani kuturuhusu tuhamishe laini wenyewe kwenye programu ya kampuni ya simu kuna ugumu gani, wakati iPhone 14 za Marekani tangu 2022 hazina hata tundu la kadi?

Msomaji wenu, Mbagala, Dar