Barua ya wazi kwa wafasiri vijana mnaofanyia kazi nyumbani

Wanangu,

Salamu kutoka Tanga. Wengi wenu tumezoeana kwenye simu, mkiniuliza neno fulani lina Kiswahili gani na bei kwa neno iwe shilingi ngapi. Leo nataka kujibu swali mnalolizunguka: kazi zinaingia, hela inaingia, mbona miaka inakwenda na mnajiona mko palepale?

Nianze na aibu yangu. Nilistaafu mwaka 2009, baada ya miaka mingi kwenye chumba cha wasoma prufu. Pale kila ukurasa ulipitiwa na watu watatu kabla ya kwenda mtamboni, na mzee mmoja aliyekaa dirishani alikuwa na kalamu nyekundu isiyojua cheo cha mtu. Tulimwogopa kama mkaguzi. Nilipohamishia meza sebuleni kwangu, nikamshukuru Mungu kwamba nimepumzika naye.

Mwaka wa pili nikapata mteja wa nje, kazi zake vipeperushi vya dawa, na analipa kwa wakati. Nikaandika: "Meza kidonge mara moja." Nikatuma. Baadaye kazi zikakoma. Hakulalamika, hakudai chochote, alinyamaza tu. Siku moja jirani yangu, nesi mstaafu, kaja kuomba ndimu, akaokota karatasi mezani, akasoma kwa sauti. Akaniuliza: "Dada, huyu mgonjwa unamwambia ameze sasa hivi, au ameze mara moja kwa siku?" Nikakosa jibu. Mstari wa chini nilikuwa nimeandika "kila siku nyingine", Kiingereza kitupu kilichovishwa kanzu. Nilikusudia anywe leo, kesho apumzike, keshokutwa anywe tena. Mpaka leo mteja yule hajaniambia kilichomkera.

Hiyo ndiyo hasara ya kufanyia kazi nyumbani. Ninyi mnanilalamikia umeme wa LUKU kuisha katikati ya kazi, bando, watoto, na mashemeji wanaodhani ukiwa nyumbani huna kazi, basi uwapokelee mtungi wa gesi. Yanaudhi, lakini hayaui fani. (Mtungi upokee tu, ni dakika tano.) Ofisini ukikosea unaitwa, unasemwa, unajifunza. Nyumbani ukikosea unaachwa, na mwaka unaofuata unalirudia kosa lilelile kwa mteja mwingine, tena kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo tafuteni wa kuwasahihisha. Wawili wawili inatosha: wewe unasoma kazi yake, yeye anasoma yako, na kama ni ndefu mlipane, maana cha bure huahirishwa. Kisha mtafute wa tatu asiye mfasiri kabisa, fundi cherehani au dada wa dukani, asome Kiswahili peke yake bila kuonyeshwa Kiingereza. Akikwama, usimweleze. Andika upya. Ila nyaraka za siri za mteja zisitoke mezani kwako bila ruhusa yake. Chukua aya mbili, futa majina.

Hilo linahitaji muda, na muda mnaujinyima wenyewe. Mteja wa New York akitaka kazi saa kumi na moja jioni ya kwao, kwetu ni saa sita usiku, au saa saba miezi yao ya baridi. Najua mnachofanya: mnaandika hadi dakika ya mwisho, mnabonyeza, mnalala. Mimi humaliza alasiri, napika, naswali, halafu baada ya isha narudi kusoma kama kazi ya mtu mwingine. Makosa huonekana yenyewe.

La pili, chagueni uwanja. Kazi ya Kiswahili imeongezeka kuliko enzi zetu: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikipokea kuwa lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022, na kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2021 ikakifanya lugha ya mahakama. Lakini anayejiita mfasiri wa kila kitu hulipwa bei ya kila mtu. Ukichagua sheria, usijifungie na kamusi. Nenda mahakamani, kesi nyingi husikilizwa hadharani, kaa benchi la nyuma umsikilize karani. Utatoka ukijua kwamba mshtakiwa ni wa jinai na mdaiwa ni wa madai, jambo ambalo wiki iliyopita nimelisahihisha mara nne kwenye kazi ya kijana ambaye kwenye wasifu wake ameandika "mtaalamu wa sheria". Ukichagua afya, kaa kliniki ya wajawazito usikie manesi wanavyosema na kina mama. Kila neno lenye uhai liingie daftarini, pamoja na mahali ulipolisikia.

Kuhusu kazi za kunyoosha tafsiri ya mashine kwa nusu bei, sina ugomvi nazo. Hesabu saa zako kwanza, ndipo useme ndiyo.

Mlioko Tanga, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi saa nne asubuhi niko barazani. Njooni na ukurasa mmoja uliochapwa, nafasi pana kati ya mistari, maana macho yangu na simu hayapatani. Kalamu nyekundu ninayo. Nesi naye atakuwepo, ila sharti lake chai iwe na tangawizi.

Mama yenu