Nyumba ya Mjerumani imeshavunjwa, zilizobaki Tabora tuziwahi

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako maana hili jambo linaniuma na kila ninayemwambia hapa mtaani ananijibu achana nalo, ni nyumba tu.

Ile nyumba ya Mjerumani njia ya stesheni haipo tena. Imevunjwa bila tangazo lolote, sasa hivi ni kiwanja kimezungushiwa mabati. Tangu utoto tunaiita nyumba ya Mjerumani ingawa Mjerumani mwenyewe alitimuliwa Septemba 1916 Wabelgiji walipouteka mji, na baada ya hapo waliokaa mle miaka na miaka ni wafanyakazi wa reli, baba zetu hao.

Nilienda kuangalia mafundi wakiwa kazini. Kuta nene hata nyundo inadunda. Juu ya milango hakukuwa na linta ya zege, waliweka vipande vya reli, na ubavuni mwa chuma jina la kiwanda na mwaka vimegongwa na bado vinasomeka vizuri tu. Vikapakiwa kwenye guta vikaenda kupimwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jamani, ile ndiyo hati ya nyumba yenyewe! Milango ya mninga sijui imeishia wapi.

Na eneo hili sio la kuchezea. Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma ikafika 1914, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipombana Mjerumani ni hapahapa kwenye karakana ya reli ndipo mwaka 1916 zilipogongwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu yake imetoka machimbo ya Sekenke. Leo watu wa nje wanazisaka hizo sarafu kwa hela ndefu, sisi huku tunauza matofali ya mtaa uleule.

Wapo wanaosema ya mkoloni yavunjwe tu. Mimi nakataa kabisa. Yale matofali hakuyafyatua Mjerumani, waliyafyatua babu zetu na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka, kwa hiyo ukivunja unafuta jasho lao, Mjerumani hapungukiwi kitu.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba aliyevunja huenda hajavunja sheria yoyote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na Mjerumani kaja baada ya hapo, kwa hiyo nyumba zake zote hazina kinga mpaka waziri azitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Asipopelekewa jina atatangaza nini? Na reli mpya ya SGR ndio inakuja, viwanja vya karibu na stesheni kila mtu anavitolea macho.

Naomba manispaa wapite nyumba kwa nyumba, wapige picha, waandike orodha waipeleke wizarani, na wazee wa reli waulizwe nani alikaa wapi wakati bado tunao. Tusitegemee kujenga upya baadaye, tembe la Kwihara, hapo nje ya mji, limejengwa upya na tunashukuru, ila kuta zile sio alizolalia yule mpelelezi Livingstone 1872.

Ng'ambo ya barabara kuna nyingine ya aina ileile, imeshaanza kung'olewa madirisha. Mhariri tafadhali mtume mwandishi wako aje na kamera wiki hii hii.

Mkazi wa Cheyo, Tabora