Malalamiko: Waridi Mlilotuuzia Ni Waridi Mwitu

Kikundi cha Bustani,
Shangani, Mtwara.

Kwa Meneja Mauzo,

YAH: MICHE 41 KATI YA 60 YA WARIDI ILIYOBEBESHWA VIBAYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Miche 60 ya waridi jekundu mliyotuletea imechanua, na 41 kati yake inatoa vishada vya maua madogo meupe yenye petali tano. Hilo ni Rosa multiflora, waridi mwitu mlilolitumia kama shina la kubebeshea, yaani kupandikiza juu yake jicho (chipukizi changa) la waridi jekundu. Fundi wenu alisema kwenye simu kwamba ni joto la pwani. Joto hufifisha rangi na kupunguza petali kidogo. Halibadilishi aina ya mti.

Tumefukua mashina. Katika miche 29 jicho mlilobebesha limekauka. Mkato wa T, yaani ule wa kwenye gome mnamoingizia jicho, umezama hadi kwenye mti, na kingo za gome zimechanika: shina lilikuwa na kiu. Likinyweshwa vizuri siku chache kabla, gome hubanduka kwa kusukumwa kidogo tu na mgongo wa kisu. Likilazimishwa, jicho halikutani na utando laini ulio chini yake. Baada ya wiki tatu mngegusa kikonyo cha jani kilichobaki chini ya jicho: kikidondoka, limeshika, kikinyauka na kung'ang'ania, limekufa. Hamkugusa.

Katika miche 12 iliyobaki jicho li hai, ila limenyongwa na utepe wa plastiki ambao haukufunguliwa.

Zaidi ya hayo, macho ya waridi mwitu kwenye sehemu inayofukiwa hayakuondolewa kabla ya kipandikizi cha waridi mwitu kuchomekwa udongoni, ndiyo maana machipukizi yote yanatoka chini ya kovu la kubebeshea. Kuyakata kwa mkasi hakusaidii, kwani hurudi mengi zaidi; hung'olewa yanapoanzia.

Hata shina lenyewe hamkulichagua vizuri. Multiflora haipatani na udongo wenye chokaa ya matumbawe kama wetu: majani hugeuka njano, mishipa ikabaki kijani, kwa kukosa madini ya chuma. Rosa fortuniana, waridi jingine la kubebeshea, huvumilia zaidi mchanga na minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi).

Tunataka miche 41 iliyobebeshwa juu ya fortuniana, utepe ukiwa umefunguliwa, au mturudishie Sh 246,000 (Sh 6,000 kila mche), ndani ya siku 14. Miche mibovu hatujaitupa. Mtumeni fundi aje aione, na aje na kisu chake.

Katibu,
kwa niaba ya kikundi.