Fito za nyanya Lushoto zinatoka wapi?

Mhariri, salaam. Naomba nafasi nimsemee ndege mmoja mdogo wa mkoa wetu wa Tanga ambaye hana mtetezi. Anaishi Usambara ya Magharibi tu, yani ile misitu ya juu ya Lushoto, Magamba na Shume huko, nenda Kilimanjaro humpati, nenda Uluguru humpati, dunia nzima hayupo isipokuwa pale. Wataalamu wanamwita Sheppardia montana, walimtambulisha mara ya kwanza mwaka 1907, na leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, lakini waulize wenyeji wa Lushoto, wengi watakwambia hawamjui.

Hana mbwembwe ndo maana. Kahawia iliyochanganyika na kijani kilichofifia, anaenea kwenye kiganja, na juu ya miti hana habari nako, maisha yake yote yako chini kwenye kivuli na vichaka vya msituni. Ukitaka kumwona we tafuta siafu wanapopita, usimame mbali utulie. Wadudu wanakimbia hovyo, yeye katulia kwenye kijiti usawa wa goti, anashuka chap anadonoa, anarudi kwenye kijiti chake.

Sasa hicho kijiti ndo kinachokatwa mhariri! Tukisikia msitu unaharibiwa wote tunawaza magogo na chenso, kumbe ukiingia pembezoni mwa msitu unakuta miti mikubwa imesimama vizuri kabisa ila chini peupe, vishina vya unene wa kidole gumba vimekatwa mshazari kwa panga na mche hata mmoja wa kukua kesho hakuna. Fito hizo zinaenda kusimamishia nyanya, na zikioza watu wanarudi kukata zingine. Anayepita barabarani anasema msitu upo, na kweli miti ipo, ila huyu ndege hana pa kukaa.

Simlaumu mkulima, nyanya ndo ada ya mtoto na ndo bati la nyumba, na hizo nyanya tunazila sisi huku mjini. Lakini mianzi inaota vizuri milimani na ukiipanda mpakani mwa shamba unakata mingine inachipua, sasa kwanini halmashauri isigawe miche ya mianzi kwa wakulima wa nyanya kama inavyogawa miche mingine? Na doria za msituni ziangalie na mizigo ya fito, sio mbao peke yake.

Najua watu wataleta hoja ya maji, kwamba tutunze msitu tupate maji. Sawa, maji ni muhimu, ila mimi namtetea huyu ndege kwa sababu yupo na ni wetu, akiishia hapa Tanga hakuna mahali pengine pa kumfuata.

Naomba gazeti limtume mwandishi apande Lushoto msimu wa kusimamisha nyanya, aulize shamba kwa shamba fito zimetoka wapi, majibu yachapwe.

Msomaji wenu,
Tanga mjini