Upasuaji wa unene: tuelezwe na yanayofuata

Mhariri,

Matangazo ya upasuaji wa kupunguza unene, yaani kupunguza mfuko wa chakula tumboni, yamejaa picha za "kabla" na "baada". Hiyo "baada" ni ya miezi sita tu. Uswidi walifuatilia miaka na miaka: utafiti wa SOS (kifupi cha Swedish Obese Subjects), ulioanza 1987, ulilinganisha watu wanene 2,010 waliopasuliwa na 2,037 waliopata matibabu ya kawaida. Matokeo ya 2020 yalionyesha waliopasuliwa waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao, ingawa bado umri wao ulipungua kwa miaka 5 na ushei ukilinganishwa na wananchi wengine.

Sipingi upasuaji. Wifi yangu alifanyiwa India na sukari yake imetulia. Lakini njooni mwone anavyokula: tonge la ugali ukubwa wa ndimu, kwenye kisosi, na akipitiliza anatapika. Vidonge vya vitamini na madini ya chuma ni vya maisha. Aliviacha mwaka wa pili, maana hakuna aliyemweleza, akaishia kuongezewa damu.

Mkiandika tena habari hizi, muulizeni daktari: mwaka wa tano, nani atampima mgonjwa damu, na kwa shilingi ngapi?

Msomaji wenu,
Morogoro